Kupanda na kushuka Milima ya Alpi kwa baiskeli ya barabara: gia, mwendo, breki na baridi

Kwenye vipito virefu vya Alpi, yaani pale barabara ya lami inapovuka safu ya milima, wengi wanaokwama hawakwamishwi na miguu. Wanakwamishwa na gia nzito, pupa ya kilomita mbili za kwanza, na nguo walizoziacha bondeni. Mambo hayo matatu huamuliwa kabla mlima haujaanza kuuma, na yote yanarekebishika. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anamudu kilomita 80 hadi 100 kwenye barabara ya kawaida na sasa anataka kuvuka kipito cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Soma mlima kabla hujaupanda

Usianze na kilomita. Anza na mita za kupanda, kwa sababu ndizo zinazokwambia utakaa juu ya kiti kwa muda gani. Mtu mwenye mazoezi ya wastani hupanda mita 600 hadi 800 kwa saa. Anayeanza hupanda 400 hadi 500, na washindani wakubwa wa mbio za baiskeli za Tour de France huvuka 1,600. Kujua kiwango chako, tafuta mlima wowote unaokuchukua dakika 20 au zaidi, upande kwa mwendo usiokuvunja, kisha gawa mita ulizopanda kwa muda uliotumia. Ukipanda mita 220 kwa dakika 20, kasi yako ni mita 660 kwa saa. Punguza asilimia 10 hadi 15, maana mlima wa saa tatu hauendewi kwa nguvu za dakika 20.

Sasa chukua Stelvio, upande wa Prato nchini Italia: kilomita 24.3, mita 1,808 za kupanda, wastani wa mwinuko asilimia 7.4, kona kali 48, kilele mita 2,757. Kwa mita 600 kwa saa, hizo ni saa tatu kamili bila kusimama. Anayejua hivyo hubeba chakula cha saa tatu. Aliyeona "kilomita 24" tu huenda akabeba ndizi moja.

Wastani nao una udanganyifu wake. Alpe d'Huez nchini Ufaransa ina kilomita 13.8 na wastani wa asilimia 8.1, lakini kilomita mbili za kwanza zinazunguka asilimia 10. Isitoshe, kona zake 21 zenyewe karibu ni tambarare, maana yake vipande vilivyo kati ya kona ni vikali kuliko wastani unavyoonyesha. Galibier, kipito kingine cha Ufaransa, kutoka kijiji cha Valloire ni kilomita 18 za asilimia 6.9, lakini sehemu inayokula watu ni kilomita 8 za mwisho, kuanzia Plan Lachat, tena hewa ikiwa tayari imepungua. Na ukianzia Saint-Michel-de-Maurienne, unapanda kwanza kipito cha Télégraphe, karibu kilomita 12 za asilimia 7, kabla hata hujafika Valloire. Tafuta mchoro unaoonyesha mwinuko wa kila kilomita, uandike kwenye karatasi, uubandike kwenye fremu. Vipito vingi vya Ufaransa vina vibao vya kila kilomita vinavyotaja kimo, umbali uliobaki na wastani wa kilomita inayofuata. Vitumie kubadilisha gia mapema.

Kingine cha kuthibitisha ni kama barabara iko wazi. Vipito vya zaidi ya mita 2,500 hufungwa na theluji majira ya baridi, na mara nyingi hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Bondeni, kabla ya kuanza kupanda, huwa kuna kibao kinachosema kama kilele kimefunguliwa. Kiamini kuliko ramani ya simu.

Gia: hapa ndipo pa kutumia pesa

Kama una uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli, badilisha kaseti ya nyuma, yaani fungu la sproketi za gurudumu la nyuma. Lengo ni uwiano wa moja kwa moja: sproketi ndogo ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 34. Mwenye uzito mkubwa au mizigo ashuke chini ya hapo, kwa mfano 30 mbele na 34 nyuma.

Hesabu yake ni hii. Gurudumu la 700c, saizi ya kawaida ya baiskeli za barabara, lenye tairi ya milimita 28 husonga takriban mita 2.13 kwa mzunguko mmoja. Kwa gia ya 34 na 34, ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, mwendo ambao wengi wanaumudu kwenye asilimia 8. Ukibaki na kaseti yenye meno 28, mwendo wa kilomita 8 kwa saa unakulazimisha kukanyaga mizunguko 51 tu kwa dakika. Hapo kila mkanyago ni mzito, na baada ya saa moja maumivu hujitokeza mbele ya goti, kisha kiunoni. Gia nyepesi si aibu. Waandaaji wa Tour de France waliwaruhusu washindani gia za kubadilisha mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo mpandaji alishuka na kugeuza gurudumu la nyuma ili apate sproketi nyingine. Hakuna sababu ya kujirudishia adhabu hiyo.

Ukiweka kaseti kubwa zaidi, fuata utaratibu huu, la sivyo utararua mkono wa gia wa nyuma, ule unaobeba cheni:

1. Soma kikomo cha mkono huo. Mikono mifupi mingi haifiki meno 34. Utahitaji mrefu zaidi.
2. Pitisha cheni juu ya sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia. Pale ncha zinapokutana, ongeza pingili mbili. Cheni ya zamani ikiwa fupi kuliko hapo, nunua mpya. Usijaribu "kuangalia itakavyokuwa".
3. Baiskeli ikiwa imeinuliwa, zungusha pedali kwa mkono na upandishe cheni hadi sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Sukuma mkono wa gia kwa kidole kuelekea spoki. Ukiweza kupita sproketi hiyo, kaza skrubu ya kikomo cha ndani robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi ugome. Kosa hapa huingiza mkono wa gia ndani ya spoki, na hutokea kwenye mwinuko mkali, pale unapoihitaji gia hiyo.
4. Kaza skrubu inayosogeza gurudumu dogo la juu la mkono ili lisisuguane na sproketi kubwa. Acha nafasi ya milimita 5 au 6.
5. Endesha kwenye mlima mdogo karibu na nyumbani kabla ya safari. Gia inayotulia kwenye stendi inaweza kurukaruka ikibeba uzito.

Barabarani, badilisha gia ya mbele kabla mwinuko haujakaza. Legeza mguu kwa nusu mzunguko cheni inapohama. Anayeshusha sproketi ya mbele huku akikanyaga kwa nguvu zote ndiye anayedondosha cheni upande wa ndani na kusimama katikati ya kona.

Tairi na upepo

Milimita 28 hadi 32 zinafaa kuliko nyembamba. Kwa mtu wa kilo 75 na tairi ya milimita 28 yenye tyubu, anza na psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 70 mbele na 75 nyuma, kisha rekebisha. Kama rimu zako ni za aina isiyo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi, kikomo ni takriban psi 72, na kukipita ni kuhatarisha tairi kuchomoka. Wengine huhofia kwamba tairi itavimba kileleni. Kweli, kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,700 shinikizo la hewa ya nje hupungua kwa karibu psi 4, lakini baridi ya juu hupunguza upepo ndani ya tairi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Usiguse vali.

Kupanda

Anza saa 12 au saa 1 asubuhi. Mwezi Julai na Agosti mvua za radi hupenda kuja alasiri, kwa hiyo panga uwe umefika kileleni kabla ya saa 6 mchana. Pia barabara huwa tulivu: baada ya saa 4 asubuhi pikipiki na magari ya watalii hujaa.

Robo ya kwanza ya mlima iendeshe kwa mwendo unaouona wa polepole mno. Kipimo chake ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, punguza gia, na gia ikiwa imekwisha, punguza mwendo. Mwenye kipima nguvu abaki kwenye asilimia 75 hadi 80 ya nguvu anazoweza kushikilia kwa saa moja. Kwa jumla ya kilo 85, mtu na baiskeli na maji, mwendo wa kilomita 10 kwa saa kwenye asilimia 8 unadai takriban wati 200. Ukienda 12, unadai karibu 245. Hizo kilomita mbili za ziada ndizo zinazolipwa kwa maumivu saa mbili baadaye.

Kimo hubadilisha hesabu. Kwenye mita 2,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 72 ya lile la pwani, na oksijeni inayoletwa na kila pumzi hupungua kwa uwiano huohuo. Asiyezoea hupoteza asilimia kadhaa ya nguvu akifika mita 2,000 na, kwa wengi, asilimia 10 hadi 15 karibu na mita 2,700. Usijaribu kushikilia namba za bondeni. Fuata pumzi yako: ikianza kuwa fupi na ya haraka, legeza kwa dakika mbili. Deni ulilokopa kwenye mita 2,300 halilipiki kwenye mita 2,600. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija na hatua zikiyumba, dawa ni kushuka, hata kama kilele kinaonekana.

Kaa kwenye kiti sehemu kubwa ya muda. Kila dakika tano hivi, ongeza uzito wa gia kwa sproketi moja au mbili, simama, kanyaga mara 20 au 30, kisha kaa na urudishe gia. Ukisimama bila kuongeza gia, pedali zitakimbia na mapigo ya moyo yatapanda bure.

Kona nazo zina siri yake. Magari ya Alpi hupita kulia. Unapopanda, kona ya kushoto inakuweka upande wa nje, ambako mwinuko ni mpole: hapo kunywa, pumua, nyoosha mgongo. Kona ya kulia inakuweka ndani kabisa, ambako mwinuko unaweza kuwa mara mbili ya wastani. Tazama nyuma, na kama hakuna gari, sogea kuelekea katikati ya upande wako badala ya kung'ang'ania ukingo. Barabara ikiwa nyembamba na basi linashuka, simama kando ulipe nafasi. Basi refu haliwezi kupinda bila kutumia upande wako.

Chakula: gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 30, kabla njaa haijaja. Aliyezoesha tumbo anaweza kufika 90. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Chupa mbili zinatosha kwa vipito vingi, lakini juu ya kimo ambako miti haioti tena mara nyingi hakuna bomba, kwa hiyo jaza kijiji cha mwisho. Paka mafuta ya jua hata kukiwa na ubaridi: miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000.

Kileleni: dakika tatu za kwanza

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Bondeni, kwenye mita 700, kukiwa na nyuzi 25, kileleni kwenye mita 2,700 kuna kama 12. Jasho lako ni la mtu aliyefanya kazi saa tatu, na sasa unaingia kwenye upepo wa kilomita 50 kwa saa bila kukanyaga. Mwili husikia kama nyuzi 8, na ukiwa umelowa ni chini ya hapo.

Vaa kwanza, picha baadaye. Fulana kavu ya ndani kama unayo, koti jepesi la upepo lifungwe hadi shingoni, mikono ya nguo ya kuvalisha, kitambaa chembamba chini ya helmeti, glavu za vidole vizima. Glavu ndizo muhimu kuliko vyote, kwa sababu vidole vilivyoganda havivuti breki. Ukiwa huna kitu, ingiza magazeti mawili chini ya jezi, kifuani; waendesha baiskeli wa kulipwa walifanya hivyo miaka mingi na bado inafaa. Ukiona umeme au ukisikia radi, usingoje ipite. Ondoka kileleni mara moja.

Kushuka

Hapa ndipo wanapoumia watu, tena wale waangalifu. Tazama hesabu. Kilo 85 zikishuka mita 1,000 huachia nishati ya takriban kilojuli 830, inayotosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya kawaida. Ile isiyochukuliwa na hewa huishia kwenye breki. Kwenye mteremko wa asilimia 8, kwa kilomita 60 kwa saa, upinzani wa hewa peke yake hubeba karibu mzigo wote. Kwa kilomita 30 kwa saa, breki hubeba kama wati 390 mfululizo. Yaani anayeshuka kwa woga, akigusia breki muda wote, ndiye anayezipasha moto kuliko wote.

Hatusemi ushuke kwa kasi ya 60. Tunasema: breki kwa vipindi. Kaa wima kwenye kipande kilichonyooka ili kifua kipokee hewa, vuta breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona kwa sekunde tatu au nne, achia kabisa, ziache zipoe. Shika usukani sehemu ya chini, si juu ya mikono ya breki, kwa sababu kidole kinapata nguvu zaidi na mkono hauchomoki ukipita kwenye shimo.

Kona ya kupinda kabisa ichukue hivi. Maliza kupunguza mwendo ukiwa bado umenyooka. Pedali ya nje chini, weka uzito juu yake. Macho kwenye mahali unapotaka kutokea, si kwenye ukingo wa barabara. Inama na baiskeli, breki zikiwa zimeachiwa. Usivuke mstari wa katikati hata kama kona inaonekana tupu. Kwenye kona za kulia, ambazo kwa anayeshuka ni finyu, ingia polepole kuliko unavyodhani inatosha. Kuwa na mashaka kwenye kivuli: maji ya theluji, mavi ya ng'ombe na kokoto hukaa huko. Vyuma vya kuzuia mifugo vilivyolazwa barabarani vipite ukiwa umenyooka kabisa, bila breki, umeinuka kidogo kwenye kiti. Mvua ikinyesha, michoro myeupe ya barabarani huteleza, na breki za rimu huchelewa kushika, basi ziguse mapema zikaushe rimu kabla hujazihitaji.

Dalili za breki zilizochoka kwa joto:

- Mkono wa breki ya diski unakwenda mbali zaidi kila unapovuta. Mafuta ndani yameanza kuchemka na kutoa mvuke.
- Harufu ya kuungua na mlio mkali. Pedi zimepata utando laini na hazishiki.
- Kwenye rimu ya kaboni, breki kushika kwa mirukomiruko. Gundi ya rimu inalainika. Ukiendelea, tairi au rimu inaweza kupasuka.

Kwa yoyote kati ya hizo, simama mahali salama kwa dakika kumi. Usizimwagie breki maji, usiguse diski. Kwa milima hii tunapendelea pedi zenye chuma kuliko za resini, kwa sababu huvumilia joto, ingawa hupiga kelele zaidi, na diski za milimita 160 mbele na nyuma. Hakikisha diski zako zimeidhinishwa kutumika na pedi hizo. Rimu za kaboni zenye breki za kubana ziache nyumbani.

Baiskeli ikianza kutikisika usukani kwa kasi, bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili, inua uzito kwenye kiti, legeza mikono, kisha punguza mwendo taratibu. Kubana usukani huzidisha mtikisiko. Mara nyingi chanzo ni kutetemeka kwa baridi au beringi za usukani zilizolegea. Beringi zikague kabla ya kuondoka: shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia mgongano mdogo wa chuma, zikazwe.

Kama mteremko ni mrefu, simama katikati hata kama huchoki. Kutoka kilele cha Stelvio hadi Prato ni zaidi ya nusu saa ya kuvuta breki, na vidole huchoka kabla hujajua.

Vya kubeba

Tyubu mbili, viraka, vyuma vya kutolea tairi, pampu ya mkono, seti ya funguo yenye kikata cheni, pingili ya kuunganishia cheni inayolingana na idadi ya gia zako, na kipande cha kushikia mkono wa gia, kile kinachopinda baiskeli ikianguka. Hicho cha mwisho hutofautiana kwa kila fremu na hakipatikani kijijini. Taa ya mbele na ya nyuma, hata mchana, kwa ajili ya vichuguu. Macho yako yakitoka juani huhitaji muda kuzoea giza, na ya dereva ni vivyo hivyo. Vichuguu vingine vimekatazwa baiskeli, hivyo soma alama. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za Alpi.

Jioni

Kabla ya kulaza baiskeli, fungua magurudumu na upime pedi: nyenzo ikibaki chini ya milimita 1, weka mpya usiku huo, kwani mteremko mmoja wa mvua unaweza kumaliza kilichobaki. Usivute mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pistoni zitafungana. Tazama tairi kwa vipande vya mawe vilivyozama, vitoe kwa ncha ya kisu. Bana spoki mbilimbili kwa vidole, iliyolegea itaonekana. Futa cheni, tia mafuta tone moja kwa kila pingili, subiri dakika kumi, kisha ufute yote yaliyobaki nje, ukihakikisha hakuna hata tone lililofika kwenye diski.